Mzigo upimwe Moshi, usingoje mzani wa Himo

Kontena la futi 20 lililojazwa kahawa ya Kilimanjaro huchukua magunia kama 320 ya kilo 60, yaani tani 19 na ushee. Kontena lenyewe likiwa tupu lina tani mbili na kitu. Pakia mawili ya namna hiyo, moja juu ya lori na jingine kwenye tela lake, mzigo unakaribia tani 43. Gari la ekseli saba, hata bila mzigo, lina tani 18 hivi au zaidi. Jumla inavuka 60, na sheria inaishia 56. Msafirishaji aliyekubali bei akidhani gari moja litabeba makontena yote mawili hadi bandarini ameshakula hasara kabla dereva hajawasha injini.

Tanzania inatumia Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kufanya kazi nchini Machi 2019. Ekseli ya usukani haitakiwi kuzidi tani 8. Ekseli moja yenye matairi manne ni tani 10, mbili zinazofuatana ni 18, tatu ni 24. Anayetumia tairi moja pana badala ya matairi mapacha hupewa kikomo cha chini zaidi. Sasa chukua lori la ekseli tatu linalovuta tela la ekseli nne: 8, na 18, na 18, na 18. Unapata 62, lakini gari zima bado halitakiwi kuzidi 56. Ndiyo kusema gari hufanya mitihani miwili kwa wakati mmoja, wa kila kundi la ekseli na wa uzito wote, na kufaulu mmoja hakuufuti mwingine.

Hapa ndipo wafanyabiashara wengi wa Moshi wanapokwama. Maghala mengi hujua uzito wa jumla tu, na mengine huhesabu magunia na kuzidisha kwa kilo. Karatasi inasema tani 54, dereva anaondoka bila wasiwasi, kisha mzani wa Wakala wa Barabara (TANROADS) pale Njia Panda ya Himo unaonyesha kwamba ekseli za nyuma za lori zimelemewa huku tela likiwa jepesi. Inabidi gari liegeshwe pembeni, turubai lifunguliwe, vijana wa kubeba waitwe, mzigo upangwe upya.

Kuupanga upya ni kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kwenye lori ambalo ekseli ya mbele na zile za nyuma zimeachana mita tano, gunia la mahindi la kilo 100 likisogezwa mbele mita moja linapunguza kilo 20 tu nyuma. Ili kuondoa tani moja lazima usogeze magunia 50 kwa mita moja, au 25 kwa mita mbili. Na tani hiyo haipotei, inahamia kwenye ekseli ya usukani, ambayo mara nyingi nayo imeshaikaribia tani 8. Ikishindikana, magunia yanahamishiwa kwenye tela au yanashushwa, na mwenye mali anatafuta gari la pili akiwa njiani, kwa bei ya mtu mwenye shida.

Mlima Kilimanjaro nao una mizigo yake. Pozolana inayochimbwa Holili, wilayani Rombo, kwa ajili ya viwanda vya saruji hunywa maji. Ujazo uleule uliokuwa halali Februari unaweza kuzidi kikomo wakati wa masika, na mpakiaji anayepima kwa macho, kwa kuangalia ukingo wa bodi, hataiona tofauti. Magogo kutoka shamba la miti la Rongai ni hivyohivyo. Mti uliokatwa juzi umejaa maji, na gari linaloteremka nao kutoka Tarakea kupitia Mkuu na Marangu linabeba maji ambayo hakuna mnunuzi atakayeyalipia. Afadhali gogo likaushwe kwanza.

Si kwamba mizani ipo kuwakomoa watu. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli iliyozidi kwa asilimia 10 inaiumiza lami karibu mara moja na nusu, na iliyozidi kwa asilimia 20 mara mbili. Hilo ndilo lililokuwa nyuma ya mvutano wa Oktoba 2013, pale John Magufuli, akiwa Waziri wa Ujenzi, alipofuta nafuu ya kuzidisha uzito kwa asilimia 5, malori yakagoma, hadi Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaingilia kati. Naamini Magufuli alikuwa sahihi kuhusu barabara. Lakini ugomvi ule ulibaki kati ya serikali na wenye malori, na aliyepakia mzigo hakuguswa.

Bei ya usafiri hupangwa kwa tani, kwa hiyo mwenye mali anataka tani nyingi kwa safari moja. Dereva hana sauti ghalani. Akikataa gunia la ziada, yuko mwingine nje ya geti anayesubiri kazi. Akikamatwa, ni yeye anayelala chini ya gari siku mbili na utingo wake, mara nyingi kwa posho ileile ya safari.

Dawa yake si ghali kama inavyosemwa. Ipo mizani ya kubebeka inayowekwa chini ya matairi na kupima ekseli mojamoja, na maghala yaliyo mtaa mmoja wa viwanda yanaweza kununua seti moja kwa kuchangiana. Vyama vya ushirika vinavyokusanya kahawa na mahindi vinaweza kufanya vivyo hivyo wakati wa msimu. Mkataba wa usafirishaji nao uandike uzito wa kila kundi la ekseli wakati gari linatoka getini, na useme wazi kwamba tozo ya mzigo uliozidi ni ya aliyepakia. Kwa saruji na mizigo mingine isiyo na haraka ipo reli ya Tanga, ambayo treni zake za mizigo zilirudi Moshi mwaka 2019. Kila behewa linalojaa linapunguza malori yanayopanga foleni Himo.