Soul ilipopigwa marufuku Dar es Salaam

Hapa Rumonge, waliorudi kutoka ng'ambo ya mpaka huitwa "Watanzania" kwa sababu ya Kiswahili chao na nyimbo walizokuja nazo. Wao wanajua uzito wa swali hili: nani huamua kwamba kitu fulani ni cha kigeni?

Huko Tanzania swali hilo liliwahi kuingia hadi kwenye kumbi za dansi. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Operesheni Vijana, kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Novemba mwaka huo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam.

Wapo waliopinga. Soul, walisema, ni muziki wa watu weusi wa Marekani, ndugu zetu waliochukuliwa utumwani. Hoja hiyo ilikuwa nzito, maana mwaka 1968 James Brown alikuwa ametoa wimbo wa kujivunia weusi wake. Mwafrika amkatae kwa jina la utamaduni wa Kiafrika?

Na bendi za nyumbani je? Cuban Marimba ya Salum Abdallah, pale Morogoro, ilibeba Cuba katika jina lenyewe. Hata Indépendance Cha Cha ya Kabasele na African Jazz, iliyozaliwa Brussels mwaka 1960 Wakongo wakijadili uhuru wao na Wabelgiji, ilikuwa na mapigo ya Cuba.

Wakimbizi wa 1972 waliofikia Ulyankulu na Katumba walizikuta nyimbo za dansi redioni. Watoto wao walizijua kabla hawajaiona Rumonge.