Mtoto aliyemeza soda ya sabuni

Wamama, soda ya kupikia sabuni inaunguza njia ya chakula tangu kinywa hata tumboni. Mtoto akiimeza, hapana kumtapisha: ikirudi juu inaunguza mara ya pili. Mawese hapana, ndimu hapana. Mwoshe kinywa kwa maji, umlete hospitali mara moja, hata kama midomo haina kidonda.

Munganga akikubali ale, umpe uji laini wa mahindi na soya, pamoja na karanga zilizosagwa sana, mafuta kidogo na sukari. Uuchuje. Uji wa maji matupu unajaza tumbo tu, haumpe nguvu. Umpe kidogo kidogo, mara 6 kwa siku, akiwa amekaa. Pilipili hapana kabisa.

Hapa wengi wanadanganyika. Mtoto anaonekana amepona, kisha majuma 3 ao zaidi anakataa bukari, anataka maji tu. Mama anasema ana kichwa ngumu, anamsukumia matonge. Hapana, mama! Kovu linafunga koo. Umrudishe upesi, munganga anaweza kulipanua. Asipoweza kumeza hata mate yake, usimpe kitu kinywani, mje siku ile ile. Pengine atawekewa mpira tumboni. Uji wake utapita humo mpaka koo lifunguke.