MAPACHA WA KUFANANA: KWA NINI MMOJA HUZALIWA MDOGO AU NA KASORO?

Wazazi wengi huuliza: watoto hawa wametoka tumbo moja, sura moja, mbona mmoja ana afya na mwenzake ni dhaifu? Wengine husema ni laana, uchawi, au mama amekosa. Sivyo.

Mapacha wa kufanana hutokana na yai moja lililorutubishwa, kisha likagawanyika mara mbili katika siku za mwanzo. Mara nyingi watoto hao hutumia kondo la nyuma moja, kama watu wawili wanaokula sahani moja. Mmoja akipata sehemu kubwa ya kondo, hunenepa. Mwenzake hupungukiwa chakula na hewa.

Pia mishipa ya damu ya watoto huungana ndani ya kondo hilo. Katika mimba 10 hadi 15 kati ya kila 100 za aina hii, damu ya mtoto mmoja huhamia kwa mwenzake kupita kiasi. Hali hii ni hatari kwa wote wawili.

Kasoro za kuzaliwa, kama mgongo wazi au ugonjwa wa moyo, huonekana zaidi kwa mapacha wa kufanana kuliko kwa mtoto anayezaliwa peke yake. Mara nyingi humpata mmoja tu.

MAMA MJAMZITO AFANYE NINI?
- Aanze kliniki mapema, asingoje tumbo lionekane.
- Ameze vidonge vya foliki asidi na vya kuongeza damu kama anavyoelekezwa. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki 4 za kwanza, hivyo ni vizuri kuanza foliki asidi kabla ya kushika mimba.
- Alale ndani ya chandarua na asinywe pombe.
- Akiambiwa ana mapacha, ajifungulie hospitali, si nyumbani.

NENDA HOSPITALI MARA MOJA, HATA USIKU, UKIONA:
- tumbo linakua haraka sana au unashindwa kupumua;
- damu au maji yanatoka;
- kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, uso umevimba;
- watoto wamepunguza kucheza.

BAADA YA KUZALIWA
Mtoto mdogo asiachwe kwa kusema "huyu hataishi." Abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, apate joto. Anyonye mara kwa mara. Asipoweza, mama akamue maziwa na kumnywesha kwa kikombe. Mguu kifundo hunyooshwa kwa plasta ukianza kutibiwa katika wiki za kwanza. Mdomo wa sungura hufanyiwa upasuaji. Mgongo wazi hauwezi kungoja: mpeleke mtoto siku hiyo hiyo.

Baba, usimlaumu mama. Msindikize kliniki. Awe Bukuru au Butoyi, Mbuyi au Kabanga, kila mtoto ana haki ya kutibiwa.