Tumetubu kwa Mungu. Je, na kwa Tuliyemkosea?



Nyumba zetu nyingi ni nyumba za maombi. Tunaomba kabla ya kuwasha jiko, tunawaombea watoto wakitoka kwenda shule, tunamwombea baba safari yake, na jioni tunawakusanya wote sebuleni, hata yule mdogo anayesinzia. Tena katikati ya juma tunakutana na majirani kwa ibada ya nyumba kwa nyumba. Tunamshukuru Mungu kwa hayo yote. Lakini mwezi huu tungependa tuulizane swali moja lisilo rahisi: katika maombi hayo yote, ni mara ngapi tumeungama mbele ya yule hasa tuliyemkosea?

Tuanze na habari ya mama mmoja tunayemfahamu. Yeye mwenyewe ameturuhusu tuisimulie, ila tusimtaje jina.

NOTI NDANI YA KITABU CHA NYIMBO

Mama huyu aliweka kando shilingi elfu kumi, mchango wake wa kikundi. Siku ya kikundi ilipofika hakuiona. Alitafuta kwenye mkoba, chini ya godoro, hata kwenye kabati la vyombo. Mwishowe akamwita dada wa kazi, binti wa miaka kumi na tisa, akamwuliza hela iko wapi.

"Mama, mimi sijaiona," binti akajibu.

Mama akalifuata begi la binti, akamwaga nguo zote sakafuni huku watoto wakitazama. Hakukuta kitu. Akasema tu, "Mungu anakuona," akaondoka.

Jumapili, kanisani, alipofungua kitabu cha nyimbo, noti ile ikaanguka miguuni pake. Ndipo akakumbuka kwamba aliiweka humo mwenyewe, isije ikachanganyika na hela ya sokoni. Mama alilia. Wakati wa maungamo ya pamoja alisema kila neno kwa moyo wake wote, na tunaamini Mungu alimsikia.

Lakini aliporudi nyumbani hakusema kitu. Alipika pilau. Wiki iliyofuata alimnunulia binti kanga, doti nzima. Binti akaipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mama." Basi. Ila tangu siku ya lile begi, katika sala ya jioni, binti alikuwa akikaa karibu na mlango, na hakuimba.

Miezi miwili ikapita. Jioni moja, baada ya sala, mtoto wa miaka saba akauliza, "Mama, ile hela aliyoiba dada, alishairudisha?"

Tuiache habari hii hapo kwanza. Tutairudia.

SALA INAYOMRUKA MTU

Mama huyu hakuwa mnafiki. Machozi yake yalikuwa ya kweli. Kosa lake ni kwamba alitafuta njia ya kumwendea Mungu bila kupita kwa binti. Wengi wetu ndivyo tufanyavyo. Tukimchapa mtoto kwa kosa asilolitenda, jioni tunamwongezea kipande cha nyama. Tukimjibu mume vibaya mbele ya wageni, kesho yake tunapiga pasi shati lake vizuri kuliko siku zote. Tukimsengenya wifi, tunampelekea mkungu wa ndizi. Zawadi ni kitu chema, lakini zawadi haisemi "nilikosa". Aliyeumizwa anabaki na jeraha lake, na juu yake anaongezewa deni la kushukuru.

Kutubu ni kugeuka, kuacha njia mbaya na kumrudia Mungu. Kuungama ni kusema, kulitaja kosa kwa jina lake. Tunaweza kugeuka moyoni na bado kinywa kikawa kimefungwa. Daudi aliyajua mateso ya kinywa kilichofungwa. Katika Zaburi ya 32 anaeleza jinsi mifupa yake ilivyochakaa wakati aliponyamaza, na jinsi alivyopata nafuu alipolisema kosa lake.

Bwana Yesu naye amelisema jambo hili waziwazi. Katika Mathayo 5:23-24 anamtaja mtu aliyekwisha kufika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Huyo aiache sadaka pale pale, aende kupatana kwanza, ndipo arudi kuitoa. Tukumbuke kwamba waliomsikia walikuwa Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Mtu afunge safari yote hiyo, kisha aambiwe arudi nyumbani akaombe msamaha! Sisi ambao tuliyemkosea yuko jikoni, hatua kumi tu kutoka mahali tunapopiga magoti, tutasema nini?

Na Yakobo 5:16 inaweka mambo mawili katika mstari mmoja: kuungamana dhambi na kuombeana. Sisi tumelishika la pili, la kwanza tumeliacha.

WALIOTUTANGULIA

Sisi wa Afrika Mashariki tuna urithi mkubwa katika jambo hili. Mwaka 1929, mjini Kampala, Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini huko Rwanda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho uliwaka Gahini, ukaenea Uganda, na kabla ya miaka kumi ile kwisha ulikuwa umefika Kenya na Tanganyika. Wimbo wa Tukutendereza, ambao wengi wetu tunaujua hata kama hatujui Kiganda, ulienea pamoja na uamsho huo.

Watu wa uamsho walikuwa na neno lao: kutembea nuruni, kama ilivyo katika 1 Yohana 1:7. Kwao, kutembea nuruni hakukuwa kuimba tu. Watu walirudisha mali waliyoiba. Walilipa madeni. Waliwaendea waliowachukia, wakawaambia hivyo uso kwa uso, wakaomba msamaha.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, aliyefariki mwaka 1988, alitoka katika uamsho huo. Alikuwa akisimulia habari inayomhusu yeye mwenyewe. Siku moja alikosana na mkewe, Mera, kisha akataka kwenda kuhubiri. Moyoni akasikia kwamba arudi kwanza akaombe pamoja na mkewe. Akajitetea kuwa watu wanamngoja, hayo mengine atayatengeneza baadaye. Jibu alilolisikia ni kwamba yeye aende tu akahubiri, bali Roho atabaki nyumbani na mkewe. Ndipo aliporudi kuomba msamaha. Kama mhubiri mkubwa namna ile hakuweza kuiruka nyumba yake akaenda moja kwa moja mimbarini, sisi nasi tusijidanganye kwamba tutaliruka jiko.

TUUNGAME NINI, NA KWA NANI?

Katika Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1529 na inayofundishwa hata leo katika madarasa ya kipaimara ya Kilutheri, imo sehemu ya maungamo. Mkristo anaulizwa aitazame nafasi yake kwa kuzifuata Amri Kumi: je, wewe ni baba, ni mama, ni mtoto, ni bwana au bibi wa nyumba, ni mtumishi? Katika nafasi hiyo umemwumiza nani kwa neno au kwa tendo? Umelizembea jambo gani? Tunaona hekima kubwa hapo. Sala ya "unisamehe dhambi zangu zote" ni nzuri, lakini ni rahisi kujificha ndani ya neno "zote". Kusema "nilimsingizia binti huyu wizi" hakuna mahali pa kujificha.

Hata hivyo, kuungama kuna mipaka yake. Uamsho wenyewe ulikuwa na upungufu. Magawanyiko yalitokea, na wapo waliolaumu maungamo ya hadharani kwamba yalipita kiasi. Kwa hiyo tuangalie mambo manne.

Kwanza, kosa lisemwe pale lilipotendeka. Lililotendwa kwa siri kati ya watu wawili litengenezwe na hao wawili. Lililotendwa mbele ya watoto litengenezwe mbele ya watoto.

Pili, tuungame dhambi zetu, si za wengine. Mara ngapi kwenye kikundi tumesema, "Tumwombee mama fulani, mnajua mume wake siku hizi halali nyumbani"? Hayo si maombi. Ni umbea uliofungwa kilemba cha kanisani.

Tatu, tuache neno "kama". "Nisamehe kama nilikuudhi" humwachia mwenzako kazi ya kuthibitisha kwamba aliudhika. Semeni, "Nilikosa, nisamehe," kisha nyamazeni. Msiongeze "lakini na wewe".

Nne, na hili tunalisema kwa uzito. Yuko mama anayepigwa usiku, na asubuhi yeye ndiye anayeomba msamaha ili amani irudi. Hilo si ungamo, mpendwa. Hiyo ni hofu. Dhambi ya anayekupiga si yako kuiungama. Mwambie mchungaji au mama wa kanisa unayemwamini, na usiogope kwenda kwenye dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi.

Na yako mambo mazito ambayo kuyasema ovyo kunaweza kuvunja zaidi ya kuponya. Hayo tuyapeleke kwa mchungaji kwanza. Ndugu zetu Wakatoliki wana sakramenti ya Kitubio, ambamo padre amefungwa kuitunza siri daima. Sisi wengine nasi tumtafute mtu wa Mungu mwenye kifua, atakayetusikiliza na kutushauri.

JIONI YA LEO TUFANYE NINI?

Kabla ya sala ya jioni, tunyamaze kidogo na kuipitia siku tangu asubuhi: niliamka na maneno gani? Nilimjibuje mume wangu? Nilimwitaje mtoto? Dada wa kazi amekula saa ngapi? Likija jina la mtu, tusilifukuze. Kama mtu huyo yuko nyumbani, tumwendee kabla ya kupiga magoti. Kama yuko mbali, tupige simu au tuweke siku ya kumwona.

Tusiogope kwamba watoto watatudharau. Mtoto aliyemsikia mama yake akisema "mwanangu, nilikuonea" anajifunza kwamba katika nyumba hii kweli inaweza kusemwa. Siku atakapokuwa na jambo lake zito atajua pa kulileta.

Tena tusiungame ili tulipwe. Aliyekosewa ana haki ya kukaa na maumivu yake kwa muda. Sisi tumetumwa kusema kweli. Saa ya kusamehe hatuipangi sisi.

JIBU LILILOFICHWA

Sasa tumrudie mama yetu na swali la mtoto wake. Anatuambia kwamba alitaka kumjibu, "Nenda kalale." Lakini akamwona binti pale mlangoni, ameinamisha kichwa.

"Dada hakuiba," akasema. "Mimi niliiweka hela kwenye kitabu cha nyimbo, nikasahau, nikamsingizia. Nilipoiona nilinyamaza kwa sababu niliona aibu. Dada, nimekukosea. Naomba unisamehe."

Binti hakujibu upesi. Kisha akasema, "Mama, mimi nilikuwa naomba kila usiku hiyo hela ionekane."

Mama huyo anasema maneno hayo ndiyo yaliyomchoma kuliko yote. Katika nyumba moja watu wawili walikuwa wakiomba, kila mmoja chumbani mwake. "Mungu alikuwa amekwisha kulijibu ombi la yule binti Jumapili ile ile," anatuambia, "na jibu lake nikalificha mimi."

Binti alimsamehe, lakini hakubaki. Alikwisha panga kuondoka mwisho wa mwezi, na aliondoka. Kabla hajaondoka, mama alimpigia simu mzazi wake kijijini, akamweleza yote, asije binti akarudi kwao na jina la mwizi. Na jioni ya mwisho, katika sala, binti alisogea kutoka mlangoni, akakaa kwenye mkeka pamoja na watoto, akaanzisha pambio.

Akina mama wenzetu, huenda na ndani ya nyumba zetu yupo anayeomba kila usiku, naye anangoja jibu ambalo tunalo sisi. Tusilale nalo leo. Bwana atupe ujasiri. Amina.