Mbuzi Anayezunguka Ameambukizwa na Mbwa



Mbuzi huyu unamjua. Anabaki nyuma ya kundi, amepinda kichwa upande mmoja, anazunguka pale pale wala hali majani. Pengine jicho moja limepofuka. Wamaasai huuita ugonjwa huu ormilo, wengine husema kizunguzungu. Mwisho wake anakufa, au unamchinja kabla hajakonda sana.

Mengi yanayosemwa minadani kuhusu ugonjwa huu si sahihi, na yanakula fedha zako.

Wapo wanaosema ni kupe. Jina ormilo hutumika pia kwa ng'ombe anayezunguka, na kwa ng'ombe kupe wanahusika kweli, maana vijidudu vya ndigana huziba mishipa midogo ya damu kwenye ubongo. Ya mbuzi na kondoo ni nyingine. Waogeshe kwa sababu ya kupe, lakini usitegemee josho likuondolee kizunguzungu.

Wengine husema ni funza wa puani. Ukipasua kichwa unaweza kuwakuta kweli, weupe na wanene. Hao ni watoto wa nzi. Humfanya mbuzi apige chafya na kutoa kamasi. Usiishie hapo, pasua hadi kwenye ubongo. Utakuta kifuko cha maji, pengine kikubwa kama yai la kuku, na kwenye utando wake kuna vidoa vyeupe vingi. Kila kidoa ni kichwa cha mnyoo aina ya tegu. Mbwa akila ubongo huo, kila kidoa kinaweza kukua kuwa tegu mzima ndani ya utumbo wake.

Mbwa mwenyewe haonekani mgonjwa. Anaendelea kulinda boma huku kinyesi chake kikimwaga mayai kwenye majani na maji. Mbuzi anayameza malishoni, kinyoo kinasafiri kwa damu hadi kwenye ubongo, na kifuko kinakua taratibu kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo mbuzi anayezunguka leo alimeza mayai zamani.

Ndiyo maana dawa haimponyi. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi niliwadunga mbuzi wa namna hii sindano ya ivamektini. Ivamektini huua funza wa puani, lakini haiui tegu. Dawa ya kunywesha nayo, kwa dozi ya kawaida, haimsaidii mbuzi aliyekwisha kuanza kuzunguka. Mchinje mapema, mwite ofisa mifugo akague nyama. Kama ulikwisha kumpa dawa yoyote, mwambie ni ipi na lini, kwa sababu nyama yake ina siku za kungojewa.

Anayetakiwa kupewa dawa ni mbwa. Dawa yake ni prazikwanteli, hutolewa kwa uzito wake. Mfunge siku mbili baada ya kumpa, kusanya kinyesi chote ukichome, kwa kuwa tegu wanaotoka bado wana mayai. Mbwa akila tena ubongo wenye kifuko, baada ya wiki sita hivi anaanza kumwaga mayai upya. Dozi moja kwa mwaka haitoshi. Tena mpatane maboma yote ya jirani mfanye siku moja, maana mbwa wa jirani analisha mayai kwenye malisho yale yale.

Najua kumnyima mbwa kichwa si rahisi, hasa kiangazi, wakati hata watoto hawajashiba. Basi kichemshe kwanza kiive kabisa, hadi ndani. Kisichochemshwa kichomwe moto.

Binadamu naye anaweza kupata kifuko hiki, ingawa ni nadra. Hapati kwa kula nyama. Anapata kwa kumeza mayai yaliyotoka kwa mbwa. Watoto wanaocheza na mbwa wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Mbuzi akifia machungani, mwambie mchungaji asiache kichwa porini, kwani mbweha pia hubeba tegu huyu. Akichome, au akifukie chini sana na kuweka mawe juu.