Moshi wa Mabani ya Urambo

Msimu wa kukausha tumbaku ukifika Urambo, Kaliua na Sikonge mkoani Tabora, mabani, yaani mabanda ya kukaushia, huwaka usiku na mchana karibu wiki nzima, na kuni zake hutoka kwenye misitu ya miombo. Ukichoma kilo 100 za kuni kavu, jivu hujaa ndoo ndogo tu. Mzigo uliobaki umekwenda wapi?

Umepanda hewani, tena umeongezeka uzito. Karibu nusu ya kuni kavu ni kaboni. Ikiungua, kila kilo 12 za kaboni hushikana na kilo 32 za oksijeni, zikawa kilo 44 za hewa ya ukaa. Kuni zile kilo 100 hutoa zaidi ya kilo 170 za hewa hiyo. Mwanga wa jua huipita bila kizuizi, lakini joto linalotoka ardhini kurudi angani hunaswa nayo, na sehemu yake hurudishwa chini.

Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila chembe milioni za hewa, za ukaa zilikuwa 280 hivi. Mwanasayansi Charles Keeling alipoanza kuzipima Hawaii mwaka 1958 zilikuwa 315. Leo zimepita 420. Ongezeko hilo limeletwa zaidi na makaa ya mawe, mafuta na gesi vilivyochomwa na mataifa tajiri. Kumbebesha mkulima wa Urambo lawama hiyo ni dhuluma.

Lakini hasara ya joto hilo haimkwepi yeye wala majirani zake. Ifuate njia ya zamani ya misafara kutoka Tabora hadi Ujiji, mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470 hivi, na rutuba yake nyingi imelala chini. Upepo wa kusi ndio huyakoroga maji na kuipandisha, vijimea vikapata chakula, na dagaa wakala kutokana navyo. Maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi, hayachanganyiki kirahisi na yale mazito ya chini. Mwaka 2003, mtafiti Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha kuwa ongezeko la joto limepunguza uzalishaji wa ziwa hilo.

Miombo nayo ina sifa ambayo makaa ya mawe hayana: hurudi. Kisiki kikiachwa huchipua, na mti mchanga huanza kuivuta tena kaboni ile. Zaidi ya nusu ya kaboni ya msitu huu imo udongoni, kwa hiyo kung'oa visiki na kulima mfululizo ni hasara kubwa kuliko kukata kuni. Urambo iliyaona hayo mwishoni mwa miaka ya 1940, matrekta ya mpango wa karanga wa Waingereza yalipofyeka pori. Mpango ukafa 1951, tumbaku ikafuata. Mikaratusi inayopandwa leo kwa ajili ya kuni inafaa, mradi isipandwe mahali ambapo visiki vya miombo vingali hai.