Mfereji wa Maji Taka wa Orangi: Nani Alipe, na Kiasi Gani?

Gharama ya mradi inapoletwa mbele ya mkutano mkuu kama tarakimu moja kubwa, mara nyingi wanachama hugawanyika pande mbili: wanaosema fedha hiyo haipatikani, na wanaosema Serikali ndiyo ilipe. Makatibu wa vyama wanaijua hali hiyo vyema, iwe mradi wenyewe ni ghala, mashine ya kukoboa au tangi la maji. Mjadala wa namna hiyo hiyo uliwakabili wakazi wa Orangi, katika mji wa Karachi nchini Pakistani, juu ya mfereji wa maji taka. Jinsi ulivyotatuliwa ni jambo linalostahili kuelezwa kwa kirefu katika jarida la ushirika, kwa kuwa mtu aliyeuongoza, Bwana Akhtar Hameed Khan, alikuwa mwana ushirika muda mrefu kabla ya kushughulika na mifereji.

Orangi iko upande wa kaskazini-magharibi wa Karachi. Watu walianza kukaa pale kwa wingi katikati ya miaka ya 1960, na baada ya vita vya 1971, ambavyo viliigeuza Pakistani ya Mashariki kuwa Bangladesh, wakaongezeka wengi waliohama kutoka huko. Ardhi ilikuwa ya Serikali, lakini viwanja waliuziwa na madalali wasio na kibali. Madalali hao walivipima vichochoro kwa mstari ulionyooka, jambo lililokuja kuwa na faida baadaye. Zaidi ya hapo hawakuweka kitu. Kila familia ilijenga nyumba kwa jasho lake, kwa matofali ya saruji yaliyofyatuliwa humo humo mtaani. Kufikia miaka ya 1980 wakazi walikuwa mamia ya maelfu. Nyumba zilipatikana, njia ya kuondoa maji machafu haikupatikana.

Wengi walitumia vyoo vya ndoo, ambavyo matopasi walivimwaga kila baada ya siku kadhaa, na mara nyingi si mbali na milango ya watu. Waliojiweza kidogo walichimba makaro. Hayo nayo yalijaa baada ya miaka michache, na kuyazoa au kuchimba mengine kulihitaji fedha. Maji ya kufulia na kuoshea vyombo yalituama uchochoroni, watoto wakicheza humo, na kuharisha na homa ya matumbo vikawa mambo ya kila siku. Gharama ya hali hiyo haikuwa imeandikwa katika daftari lolote. Mkazi aliyesema kwamba hana uwezo wa kulipia mfereji alikuwa tayari analipa, ila alilipa kidogo kidogo: kwa topasi, kwa mchimba karo na kwa daktari.

Mwaka 1980 taasisi ya hisani iliyoundwa na benki moja ilimwomba Bwana Khan aende Orangi kuona lipi laweza kufanyika. Alikuwa na umri wa miaka 66 hivi. Alipokuwa kijana aliwahi kuwa mtumishi wa juu wa serikali ya kikoloni nchini India, akajiuzulu, akafanya kazi ya kibarua na ya ufundi wa makufuli ili ayajue maisha ya watu wa kawaida. Tangu mwaka 1959 aliongoza chuo cha maendeleo vijijini huko Comilla, katika iliyokuwa Pakistani ya Mashariki. Huko ndiko alikounda mpango wa ushirika wa ngazi mbili: chama kidogo cha msingi katika kila kijiji, chenye kukutana kila wiki na kuweka akiba, na juu yake chama kikuu cha wilaya chenye mafundi, mikopo na pampu za maji. Mpango huo ulisifiwa katika nchi nyingi. Ulipoenezwa kwa haraka katika nchi nzima, hata hivyo, vyama vingi viliingiliwa na wakulima wakubwa, mikopo ikawaendea wao, na sehemu kubwa haikurudishwa. Ni vizuri msomaji akumbuke jambo hilo, maana bila shaka liliathiri namna Bwana Khan alivyoitazama fedha ya wananchi alipofika Orangi.

Alitumia miezi ya kwanza kwa kutembea na kuuliza. Wakazi walimjibu kwamba shida yao kubwa ni uchafu na ukosefu wa mifereji. Alipouliza nani aiondoe, walijibu kwamba ni kazi ya Serikali, na tena bila malipo. Hoja hiyo haikuwa ya kipumbavu. Katika mitaa ya wenye nafasi mifereji ilijengwa na mamlaka ya mji, na si rahisi kumweleza mtu maskini kwa nini yeye peke yake achimbe mtaro mbele ya nyumba yake. Lakini mamlaka nayo ilikuwa na jibu lake: haikutoa mfereji bure kwa mtu yeyote, ilitoza ada kwa kila kiwanja, na ada hiyo ilitokana na gharama ya ujenzi. Kwa hali ya Orangi, gharama hiyo ilizidi uwezo wa mwenye nyumba. Basi hata Serikali ikikubali kujenga, wananchi wangelipa. Na kwa kuwa wasingeweza kulipa, mfereji usingejengwa.

Hapo ndipo mjadala ulipobadilika. Badala ya kubishana nani alipe, Bwana Khan na wasaidizi wake waliuliza kwa nini bei ni kubwa kiasi hicho. Makisio yalipofumuliwa, ilionekana kwamba saruji, mabomba na kazi ya fundi vilikuwa sehemu tu ya bei. Sehemu nyingine ilikuwa faida ya kontrakta, ada za wataalamu, hongo katika utoaji wa zabuni, na ramani zilizotaka mitaro mirefu ya kwenda chini kuliko ilivyohitajiwa na kichochoro cha nyumba chache. Mafundi wa mradi walipotengeneza makisio yao wenyewe, wenye nyumba wakiwa ndio wasimamizi na kila gharama isiyo ya lazima ikiondolewa, bei ilishuka hadi kama sehemu moja ya tano ya ile ya kiserikali, na pengine chini zaidi. Choo cha maji pamoja na sehemu ya bomba la uchochoroni viliweza kupatikana kwa kama rupia 1,000 kwa nyumba moja. Fedha hiyo haikuwa ndogo kwa kibarua, lakini aliweza kuidunduliza.

Hatua ya pili ilikuwa kuigawa kazi yenyewe. Mfereji wa mji ulitazamwa kuwa na sehemu nne: choo ndani ya nyumba, bomba la chini ya ardhi katika kichochoro, bomba la kukusanya maji ya vichochoro kadhaa, na bomba kuu pamoja na mtambo wa kusafishia. Sehemu tatu za kwanza ziliitwa za ndani, nazo zikawa jukumu la wakazi kwa fedha na usimamizi wao. Ya nne iliitwa ya nje, ikabaki kwa Serikali, kwa sababu hakuna kichochoro kinachoweza kujenga mtambo. Mgawanyo huo uliondoa ubishi mwingi. Mkazi hakuambiwa tena kwamba anadaiwa gharama ya mfereji wa mji. Aliambiwa anadaiwa kipande kinachopita mbele ya mlango wake, na kipande hicho aliweza kukipima kwa hatua zake mwenyewe.

Kichochoro kilikuwa na nyumba 20 hadi 30 hivi. Hicho ndicho kilichofanywa kitengo cha kazi, wala si mtaa mzima. Wakazi wa kichochoro walikaa, wakakubaliana, wakamchagua meneja miongoni mwao, naye akapeleka ombi la msaada kwenye ofisi ya mradi. Mafundi walikuja na vifaa vya kupimia mteremko, wakachora ramani, wakatoa makisio ya saruji, mabomba na siku za kazi. Mradi uliazima pia zana na kalibu za chuma za kumiminia chemba na mifuniko yake. Kisha meneja alikusanya michango, akanunua vifaa, akasimamia uchimbaji, na kusuluhisha ugomvi ulipozuka. Penye watu 25 wanaojuana kwa majina, mwenye kuchelewa kulipa hujulikana, na mwenye dhiki ya kweli hujulikana vilevile.

Wakaguzi na makatibu watatazama kwa makini jambo moja katika utaratibu huo. Mradi haukushika hata senti ya wananchi. Haukukusanya, haukutunza, haukukopesha kwa ajili ya bomba. Fedha ilitoka mkononi mwa mwenye nyumba, ikaingia kwa meneja wa kichochoro, ikatoka tena baada ya muda mfupi kwenda kwa muuza saruji, na mifuko ya saruji yenyewe ilionekana na kila mtu imepangwa uchochoroni. Kazi ya kichochoro kimoja ilikuwa ya majuma machache. Hapakuwa na sanduku la fedha la kukaa mwaka mzima likimshawishi mtu. Vyama vyetu vya msingi haviwezi kuendeshwa hivyo katika kila jambo, maana ununuzi wa mazao hauwezi kwenda bila mfuko wa kudumu. Lakini kwa mradi wa ujenzi unaoanza na kwisha, fedha inayokaa kwa muda mfupi ni rahisi kukaguliwa kuliko inayolala benki kwa jina la kamati.

Swali gumu kuliko yote katika mikutano ya namna hii ni la mwenye kukataa. Ichukuliwe, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba bomba la kichochoro chenye nyumba 25 linagharimu rupia 10,000. Kila nyumba itatoa rupia 400. Nyumba tatu zikikataa, zilizobaki 22 zitatoa rupia 455 kila moja. Tofauti ni rupia 55. Kichochoro chaweza kuona kwamba ni heri kuubeba mzigo huo mdogo kuliko kuendelea kukanyaga uchafu mwaka mwingine, na watatu wale waunganishwe watakapolipa. Zikikataa nyumba 12, kila moja ya zile 13 itadaiwa rupia 769, na hapo ni bora kusubiri. Hesabu kama hiyo, ikiandikwa ubaoni mbele ya wanachama, hupunguza maneno makali. Watu huacha kujadili tabia ya jirani na kujadili tarakimu.

Vichochoro vya kwanza havikuwa vizuri vyote. Baadhi ya mafundi wa mitaani walichanganya zege vibaya au hawakulimwagilia maji ya kutosha kukomaa, na kazi ikaharibika. Mradi ulichunguza makosa hayo, ukatoa maelekezo kwa picha, na mafundi wakafunzwa. Ilisaidia pia kwamba walioanza walikuwa vichochoro vilivyo karibu na vijito vya asili, ambavyo wenyeji huviita nala, kwa kuwa maji yao yalipata pa kwenda bila bomba la kukusanyia. Waliokuwa mbali walipoona vichochoro vya wenzao vimekauka, wakaanza kuulizana namna ya kujenga bomba la pamoja. Kwa muda wa miaka 20 hivi zaidi ya nyumba 90,000 zilikuwa zimeungwa, na wakazi walikuwa wametoa zaidi ya rupia milioni 80 mfukoni mwao.

Sehemu ya nje ndiyo iliyochelewa. Maji taka ya Orangi yaliingia katika nala, yakaufikia mto Lyari na hatimaye bahari, bila kusafishwa. Wako waliolaumu mradi kwa ajili hiyo, na lawama ina ukweli ndani yake, kwa maana uchafu uliotolewa mlangoni pa mtu ulihamia mahali pengine. Lakini kama vichochoro vingengojea mtambo ujengwe kwanza, vingengojea miaka mingi sana. Bi Perween Rahman, mchoraji majengo aliyejiunga na mradi mapema katika miaka ya 1980 na baadaye akaongoza taasisi yake ya utafiti na mafunzo, alitumia miaka mingi kuchora ramani za nala na mabomba ya Karachi nzima, ili idara za Serikali zione kwamba sehemu ya ndani imekwisha jengwa na zijenge ile iliyobaki kwao badala ya kuanza upya kwa mikopo ya kigeni. Mwaka 1999, mpango mkubwa wa maji taka wa Korangi, mjini humo humo, uliotegemea mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Asia, ulifutwa baada ya taasisi hiyo na wenzake kuonyesha kwa hesabu kwamba kazi ingeweza kufanyika kwa fedha kidogo zaidi. Bwana Khan alifariki mwaka huo huo. Bi Rahman aliuawa kwa risasi tarehe 13 Machi 2013, akitoka kazini.

Nala zenyewe ziliendelea kujaa takataka na kubanwa na majengo. Mvua kubwa za Agosti 2020 zilifurika mji, na mwaka 2021 Serikali ilivunja maelfu ya nyumba kandokando ya nala ya Gujjar na ile ya Orangi ili kuzipanua. Katika vichochoro vya ndani mabomba yaliyolipiwa na wenye nyumba yamebaki chini ya ardhi, na chemba inapoziba, wakazi wa kichochoro hukusanya mchango na kumwita fundi.